Shati Kuukuu Lisiishie Jalalani

Alfajiri, kabla magari ya abiria hayajajaa barabarani, wafanyabiashara wa soko la Owino mjini Kampala huanza kukata kamba za mabelo ya nguo. Soko hilo, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, lilianza mwaka 1971 karibu na uwanja wa michezo wa Nakivubo. Limeungua moto zaidi ya mara moja, likainuka tena, na hadi leo ndilo linalowavika watu wengi wa Kampala na wa miji ya mbali. Belo likifunguliwa, wachuuzi hulizingira. Aliyewahi hupata shati lisilo na doa. Anayefuata hupata suruali inayohitaji zipu mpya. Mwishowe hubaki rundo lisilotakiwa na mtu: soksi zisizo na wenzake, fulana zilizotoboka kwapani, na makoti mazito ya nchi za theluji ambayo askari wa Kampala hawezi kuyavaa hata katika lindo la usiku wa manane.

Rundo hilo si jambo dogo. Belo hununuliwa likiwa limefungwa, na mnunuzi hajui kilichomo mpaka amekwisha kulipa. Chukua mfano wa mke wa koplo aliyekopa fedha za chama cha akina mama kambini ili anunue belo lake la kwanza. Akikuta kwamba sehemu kubwa yake ni matambara, hana mahali pa kulirudisha. Aliyezitoa nguo hizo huko Ulaya au Marekani alizitoa bure, tena kwa moyo mwema. Aliyezikusanya akazichambua alipata faida yake. Mwenye meli alilipwa nauli. Hasara ya mwisho humwangukia mama huyu mwenye deni, na matambara yenyewe huishia katika mitaro na majalala, ambako mvua ikinyesha huziba njia za maji.

Hali hiyo haiko Kampala peke yake. Soko la Kantamanto la Accra, nchini Ghana, ambalo sehemu yake kubwa iliteketea kwa moto mwanzoni mwa Januari 2025, linakabiliwa na taabu hiyo hiyo kwa kiasi kikubwa zaidi. Waghana huziita nguo hizo obroni wawu, maana yake nguo za mzungu aliyekufa, kwa sababu wazee wao hawakuweza kuamini kwamba mtu aliye hai angeitupa nguo nzima kama ile. Wazo kama hilo lilisikika pia Uganda mwezi Agosti 2023, wakati Rais Museveni alipokuwa Mbale kufungua viwanda, akatangaza nia ya kuzuia nguo kuukuu kutoka ng'ambo na kusema kwamba ni nguo za watu waliokufa. Kwa kweli wengi wa wenye nguo hizo wangali hai. Kilichokufa ni mtindo tu, na mitindo siku hizi hufa haraka kuliko zamani.

PAMBA ILIYOKWENDA NA KURUDI

Lililo gumu kulieleza ni kwamba nchi inayovaa nguo hizo ni nchi ya pamba. Mbegu za pamba ya biashara zililetwa Uganda mwaka 1903 na Kenneth Borup wa Kampuni ya Uganda, na kwa muda wa miaka sitini na zaidi zao hilo lilijenga shule, likalipa kodi na kutoa mahari. Mnamo mwaka 1970 mavuno yalifikia marobota 470,000 hivi, kila robota kilo 185. Umeme wa maporomoko ya Owen, ambako bwawa lilifunguliwa mwaka 1954, uliendesha mitambo ya Nyanza Textile Industries mjini Jinja, kiwanda ambacho wananchi walikiita Nytil. Kulikuwa na Mulco huko huko Jinja, African Textile Mills huko Mbale, kiwanda cha nyuzi cha Lira, na UGIL mjini Kampala. Mtu aliweza kuzaliwa, kubatizwa, kuoa na kuzikwa katika kitambaa kilichofumwa nchini.

Yaliyofuata yanajulikana. Katika miaka ya 1970 vipuri vikaadimika, wataalamu wakaondoka, na vita vikapita mashambani. Mavuno yalishuka hadi sehemu ndogo ya yale ya 1970, na hata baada ya viwanda kuuzwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990 hayakurudi kamwe katika kiwango kile. Hadi miaka ya karibuni zaidi ya asilimia 90 ya pamba iliyochambuliwa imekuwa ikiuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Pamba ya Kasese au ya Lango hutoka nchini ikiwa robota jeupe, huzunguka dunia, na huweza kurudi Owino ikiwa fulana iliyokwisha kufuliwa mara hamsini na mtu mwingine. Faida yote ya kusokota, kufuma, kutia rangi na kushona imebaki njiani.

Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliliona hilo. Mwezi Machi 2016, katika mkutano wao wa Arusha, waliagiza nguo na viatu kuukuu vipunguzwe mpaka vikome katika muda wa miaka mitatu ili viwanda vya ndani vipumue. Wafanyabiashara wa nguo hizo nchini Marekani wakalalamika kwa serikali yao mwaka 2017, na serikali hiyo ikatishia kuziondolea nchi zetu nafasi ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru. Nchi moja moja ikarudi nyuma. Rwanda peke yake ilishikilia msimamo: ushuru ilioupandisha mwaka 2016 kutoka senti 20 za dola hadi dola mbili na nusu kwa kilo haukuondolewa, na mwaka 2018 ikaadhibiwa kwa kunyimwa nafasi hiyo katika mavazi.

Tangu hapo mabishano yamekuwa ya pande mbili tu: zuia au acha. Anayesema zuia anamfikiria mfanyakazi wa kiwandani na mkulima wa pamba, na ana haki. Anayesema acha anamfikiria mchuuzi, mpiga pasi, fundi cherehani na mzazi mwenye watoto watano, naye ana haki vile vile. Ila wa kwanza husahau kwamba mlango wa mitumba ukifungwa leo, kitakachoingia kesho kwa wingi si kitambaa cha Jinja bali nguo mpya rahisi za nailoni na poliesta kutoka Asia, ambazo hazimalizi muhula mmoja wa shule. Wa pili naye husahau lile rundo la mwisho wa belo.

NGUO KUZALIWA UPYA

Ndiyo maana inafaa kuutazama utaratibu wa tatu, ambao wataalamu huuita uchumi wa mzunguko. Maana yake si ngumu. Leo nguo husafiri njia moja: shamba, kiwanda, duka, mwili, jalala. Katika mzunguko, nguo hutengenezwa iweze kudumu na kukarabatika. Ikichoka hubadilishwa iwe nguo nyingine. Ikishindikana kabisa huchanwa irudi kuwa nyuzi, na nyuzi zifumwe upya. Dunia bado iko mbali na hapo. Mwaka 1917 mtu angedhani jambo hili ni la lazima kwa sababu ya uhaba. Miaka mia baadaye, mwaka 2017, taasisi ya Ellen MacArthur ya Uingereza ilikadiria kwamba chini ya asilimia moja ya mali inayotumika kutengeneza nguo ndiyo inayorudi kuwa nguo mpya.

Hata hivyo kazi yenyewe si ngeni. Inasimuliwa kwamba mwaka 1813, katika mji wa Batley huko Yorkshire, Uingereza, Benjamin Law alifaulu kuzichana nguo kuukuu za sufu na kuzisokota tena pamoja na sufu mpya. Kitambaa hicho kiliitwa shoddy, kikawafanya watu wa Batley na miji jirani kuwa matajiri. Askari wanaosoma ukurasa huu watapenda kujua yaliyofuata. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, jeshi la Kaskazini lilihitaji sare nyingi kwa haraka, na baadhi ya wenye viwanda wakashona sare za kitambaa hicho kilichotengenezwa ovyo. Mvua ya kwanza ilipowanyeshea, sare ziliwachanika mwilini. Tangu siku hizo neno shoddy limekuwa tusi katika Kiingereza: hutajwa kwa kila kitu kibovu.

Kosa halikuwa la nguo kuukuu, bali la tamaa. Nguo inapochanwa na mashine yenye meno, nyuzi zake hukatika na kuwa fupi. Uzi uliosokotwa kwa nyuzi fupi tupu hauna nguvu. Sharti zichanganywe na nyuzi ndefu mpya kwa kipimo kinachofaa kazi ya kitambaa chenyewe. Kipimo cha blanketi si cha suruali ya gwaride.

Mji wa Prato, karibu na Florence nchini Italia, ulijifunza kanuni hiyo mapema na kuishi nayo tangu karne ya 19. Wako wazee huko, wanaoitwa cenciaioli, ambao hushika sweta kwa vidole na kusema mara moja ni sufu ya namna gani. Hutoa vifungo na bitana, kisha hupanga nguo kwa rangi: nyekundu na nyekundu, buluu na buluu, kijivu cha mvua mbali na kijivu cha moshi. Hapo ndipo penye siri ya faida yao. Kitambaa kinachotokana na nguo zilizopangwa vizuri kwa rangi hakihitaji kutiwa rangi tena, na hivyo huokoa maji, kuni na dawa, ambavyo ndivyo vinavyochafua mito penye viwanda vya nguo.

Mji mwingine ni Panipat, kaskazini ya Delhi nchini India. Huko makasha ya nguo za sufu kutoka nchi tajiri hupokelewa, akina mama hukaa chini kukata zipu na vifungo, na mashine huzichana. Blanketi nyingi zinazogawiwa kwa wakimbizi na watu waliopatwa na mafuriko, zile za kijivu zenye kukwaruza kidogo, zilitoka Panipat. Yamkini familia nyingi za Uganda zimekwisha kulala chini ya makoti ya Waingereza bila kujua. Lakini Panipat nako pameingia shida: blanketi laini za poliesta zimeipokonya sufu soko, na vumbi la mashine zile limeharibu mapafu ya wafanyakazi wengi wasiokuwa na kinga ya pua. Atakayeanzisha kazi hii hapa na ayaone yote mawili.

Adui mkubwa wa mzunguko ni mchanganyiko. Pamba tupu huchanika na kusokotwa. Poliesta tupu huyeyushwa. Bali shati lililofumwa kwa pamba na poliesta pamoja ni kama ugali uliomwagikia mchanga. Kwa bahati, mama wa nyumbani anaweza kutambua kitambaa bila mtambo wowote. Achomoe uzi mmoja katika pindo la ndani, aushike kwa kibano juu ya sahani ya maji, watoto wakiwa mbali, na auguse kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na huacha jivu jepesi. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na huacha punje ngumu nyeusi. Ikitokea jivu na punje pamoja, huo ndio mchanganyiko. Jaribio hilo lina faida hata kwa mnunuzi wa kawaida, maana fulana ya pamba hunyonya jasho la askari aliye katika mazoezi, na ile ya poliesta duni humpikia ngozi.

MZUNGUKO WA NYUMBANI

Kabla ya viwanda, mzunguko huanza kwa sindano. Akina mama wa zamani walijua kwamba nguo iliyochanika hushonwa kabla ya kufuliwa, si baada, kwa sababu maji na kusugua huipanua tundu. Walijua kwamba sare ya shule hushonwa kwa pindo nene la ndani, likafumuliwa kidogo kila mtoto arefukapo. Kola ya shati huchakaa kwenye mkunjo wakati mwili wa shati ungali mzima. Fundi mwenye subira huifumua, akaigeuza ule upande wa ndani uje nje, na shati likapata uhai mwingine. Shuka nayo hupauka na kuchanika katikati, penye mgongo wa mlalaji. Ipasuliwe katikati kwa urefu, zile kingo mbili nzima ziungwe ziwe katikati, na sehemu zilizochoka zikunjwe pembeni. Vitu hivi vinaonekana vya kimaskini kwa vijana wa siku hizi. Hata hivyo huko Ulaya wako watu wanaolipa ada ili wafundishwe kutia kiraka.

Vipande vinavyobaki chini ya cherehani ya fundi vina kazi pia. Vikipangwa kwa rangi na unene hutoa mfuniko wa kitanda, kishikio cha sufuria, mkeka wa mlangoni. Vile vidogo kabisa, kama ni vya pamba, hujaza mto. Vifungo na zipu vikatwe na kuwekwa katika kopo kabla nguo haijawa tambara la gereji. Bei ya zipu mpya inatosha kumkumbusha mtu.

Wako waliokwisha kuigeuza kazi hii kuwa biashara ya heshima. Mjini Kampala, mbunifu Bobby Kolade alianzisha jina la mavazi Buzigahill, na tangu mwaka 2022 mafundi wake wamekuwa wakinunua nguo za mitumba, wakizifumua na kuziunga upya, suruali mbili kuwa moja, fulana nne kuwa moja, halafu wakiziuza huko huko zilikotoka. Mradi wake huo aliuita Return to Sender, yaani mrudishie aliyetuma. Kuna mzaha ndani yake, na pia kuna hesabu: kilichoingia kwa kilo kimetoka kwa bei ya kazi ya mikono ya Mganda.

Wala si lazima kila fundisho litoke ng'ambo. Nguo ya lubugo, inayotokana na gome la mti wa mutuba, ilivaliwa Buganda karne nyingi kabla ya pamba, na mafundi wa ukoo wa Ngonge wanaitengeneza hata sasa. Gome hubanduliwa wakati wa mvua, hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo mpaka lipanuke na kulainika, likaanikwa juani na kupata rangi ya udongo mwekundu. Shina lililobaki uchi hufungwa kwa majani ya migomba kama mgonjwa anavyofungwa bendeji, na mti huota gome jingine. Mti mmoja huvunwa kwa miaka mingi bila kukatwa, huku ukiipa kivuli kahawa na migomba. Shirika la UNESCO liliutambua ufundi huo mwaka 2005 kuwa urithi wa dunia nzima. Hakuna anayedai kwamba askari avae lubugo katika gwaride, lakini kitambaa kisichomuua mzazi wake kinastahili kutazamwa mara ya pili na wenye viwanda vya mikoba, viatu na mapambo ya nyumba.

SARE ZA ZAMANI

Limebaki jambo linalowahusu wasomaji wa ukurasa huu kuliko watu wengine. Sare ya jeshi au ya polisi iliyochakaa haiwezi kufuata njia ya nguo nyingine. Haiuzwi sokoni, haigawiwi kwa shemeji wa kijijini, wala haishonewi kaptula ya mtoto, kwa kuwa sheria ya Uganda inamkataza raia kuwa na mavazi ya kijeshi, na wahalifu wamekwisha kuyatumia kuwaibia watu. Hivyo sare kuukuu ni kitambaa kisicho na mlango wa pili.

Lakini kwa mwenye kiwanda cha kuchana nguo, hakuna mali iliyo bora kuliko hiyo. Cenciaioli wa Prato hutumia siku nzima kutenga rangi na kutambua kitambaa. Sare huja zikiwa zimekwisha kutengwa, maelfu kwa maelfu za rangi moja, za kitambaa kimoja, kutoka stoo chache zinazojulikana. Zikichanwa, haziwezi tena kuvaliwa na jambazi. Uholanzi imekwisha kujaribu kitu cha jinsi hiyo upande wa ununuzi: katika miaka ya 2010 Wizara yake ya Ulinzi iliagiza mataulo na ovaroli kwa sharti kwamba angalau asilimia 10 ya nyuzi zake ziwe zimetoka katika nguo zilizokwisha kutumika. Wenye viwanda, walipoona kwamba mnunuzi yupo na atalipa, wakatafuta mashine.

Vitambaa vya sare nchini Uganda vimekuwa vikifumwa Jinja, umbali wa kilomita 80 hivi kutoka Kampala, na lori lipelekalo sare mpya kambini hurudi tupu. Ovaroli za karakana, blanketi za mahabusu, matandiko ya hospitali za jeshi na vitambaa vya kufutia silaha havihitaji nyuzi ndefu za daraja la kwanza. Kinachohitajika kwanza ni bwana stoo mwenye daftari, anayepokea sare kuukuu kwa idadi na kuzitunza pakavu, na askari anayekumbuka kutoa vitu vyake mifukoni kabla ya kuirudisha.